Lori likilala kando ya barabara, nani analipa hasara?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia bei: tenga la nyanya limepanda, gunia la vitunguu limeshuka, dizeli imeongezeka. Wiki hii tunaangalia jambo ambalo halionekani katika orodha yoyote ya bei, lakini hula faida ya mfanyabiashara kimya kimya. Nalo ni mahali lori linapolala.

Mlali ni kata ya Wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro. Iko katika barabara inayoacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, jirani na Chuo Kikuu cha Mzumbe, kisha ikapanda kuelekea Mgeta katika milima ya Uluguru. Bondeni hulimwa nyanya, vitunguu na mboga nyingine. Juu Mgeta, kwenye baridi, hutoka kabichi, karoti, viazi mviringo na njegere. Sehemu kubwa ya mzigo huo hushukia Mlali, ikatokea Sangasanga na kwenda kugawanyika: mwingine Morogoro mjini, mwingine Kariakoo na masoko mengine ya Dar es Salaam.

Mzigo wa mboga hauna subira, lakini lori hulazimika kusubiri. Nyanya huchumwa mchana, hupangwa katika matenga jioni na kupakiwa giza likiingia. Mvua ikinyesha huko juu, gari la Mgeta huchelewa kushuka. Mzigo usipojaa, mwenye lori humwambia dereva alale, angojee wa kesho. Hapo ndipo swali la makala hii linapoanza: dereva aegeshe wapi? Na kama mahali alipopaona pana katazo la kulaza gari, atii au apige moyo konde na kuzima injini?

Wengi huzima injini. Hoja yao ni rahisi, kwamba kando ya barabara ni bure na yadi ni ya kulipia. Makala hii inajaribu kuonyesha kwamba hesabu hiyo ina tarakimu zilizosahauliwa.

Katazo linatoka wapi

Wafanyabiashara wengi hudhani makatazo ya kulaza magari ni ubunifu wa askari wa zamu au wa mkusanya ushuru. Sivyo. Yapo matabaka matatu, na ni vizuri mwenye mali ayatofautishe.

La kwanza ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Sheria hii hairuhusu mtu kuacha gari barabarani kwa namna inayowazuia au kuwahatarisha watumiaji wengine. Gari likiharibika, dereva anatakiwa kuweka pembetatu za tahadhari na kuliondoa mapema iwezekanavyo. Matawi ya miti yaliyotandazwa lami, ambayo tumeyazoea sote, si badala ya pembetatu.

La pili ni Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kwa sheria hii hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Maana yake ni kwamba dereva akitoka kwenye lami na kuingia kwenye majani, bado yumo ndani ya ardhi ya barabara. Kibanda cha chai alichoegesha mbele yake huenda nacho kimo humo humo, na kukiegemea hakumpi haki yoyote.

La tatu ni sheria ndogo. Halmashauri za wilaya, pamoja na vijiji kwa idhini ya halmashauri, zina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Ni katika tabaka hili ambapo mfanyabiashara anaweza kukuta tofauti kati ya kijiji kimoja na kingine, na ni hapa anapopaswa kuuliza: sheria ndogo hiyo iko wapi, ilipitishwa lini, na stakabadhi ya malipo inatolewa na nani?

Jibu la maswali hayo ni kinga ya mfuko. Agizo la mdomo bila maandishi na malipo bila stakabadhi ni vitu viwili ambavyo mwenye lori ana haki ya kuvihoji. Lakini kuvihoji ni kazi ya mchana, ofisini. Usiku wa manane, akiwa na matenga 120 mgongoni, si wakati wa kuanzisha kesi.

Kwa nini yapo

Sababu ya kwanza ni uhai. Lori lililosimama gizani bila taa, nusu likiwa juu ya lami, ni ukuta. Anayekuja nyuma kwa pikipiki au basi huuona ukuta huo akiwa ameshaufikia. Jambo hili limezidi kuwa zito tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya miaka mingi ya katazo. Barabara ambayo zamani ilikuwa ya malori peke yake baada ya saa sita usiku, sasa ina abiria.

Sababu ya pili ni moto. Wakazi wa Morogoro hawahitaji kukumbushwa tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, kisha likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Lori lile lilikuwa safarini, halikuwa limelazwa. Hata hivyo lilifundisha kwamba mzigo wa hatari na msongamano wa watu havikai pamoja. Lori la mafuta linalolazwa kati ya mama lishe na vibanda vya mkaa linaukusanya mkosi huo upya kila usiku.

Sababu ya tatu ni barabara yenyewe. Mabega ya barabara hayakujengwa kubeba lori lililosheheni usiku kucha. Yakimomonyoka, maji huingia chini ya lami, na mashimo ya mwaka ujao hulipwa na wenye malori hao hao kwa springi na matairi.

Aidha, upo ukweli wa kijiografia. Anayetoka Sangasanga na kuelekea Iringa huingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako barabara kuu hukatiza kwa kilomita zipatazo 50. Wanyama huvuka humo usiku na mchana. Asiyepanga mapema atalala wapi anaweza kujikuta amechoka katikati ya mbuga, mahali ambapo si halali wala si salama kulala.

Hesabu ya mwenye lori

Tuache sheria, tushike kalamu. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake.

Tuchukue lori la tani saba linalobeba matenga 120 ya nyanya. Tuseme yadi yenye mlinzi inatoza shilingi 5,000 kwa usiku, na lori hulala safarini mara 8 kwa mwezi. Gharama ni shilingi 40,000 kwa mwezi, au shilingi 480,000 kwa mwaka. Mwenye lori akiitazama tarakimu hiyo ya mwaka hushtuka, na hapo ndipo anapomwambia dereva atafute pa bure.

Sasa tuangalie upande wa pili. Lori limelazwa pasiporuhusiwa. Alfajiri askari wanalikuta, dereva anatafutwa, maelezo yanaandikwa, faini inalipwa. Lori lililopaswa kuwa sokoni saa 11 alfajiri linafika saa 4 asubuhi. Wanunuzi wa jumla wameshaondoka, dalali anatoa bei ya kubahatisha. Tuseme bei imeshuka kwa shilingi 4,000 tu kwa tenga. Mara matenga 120, hasara ni shilingi 480,000.

Asubuhi moja ya kuchelewa imekula ada ya yadi ya mwaka mzima. Na hapo hatujahesabu faini, wala nyanya zilizoanza kulainika chini ya turubai.

Wizi nao una hesabu yake. Lori la aina hii kwa kawaida hutumia betri mbili, lina tairi la akiba na tangi la dizeli lililo wazi ubavuni. Vyote hivyo hutoka usiku, katika muda wa dereva kugeuka upande mmoja hadi mwingine. Mwandishi wa makala hii aliwahi kulala ndani ya lori dogo kando ya barabara, mwenye mzigo akiwa ameokoa ada ya usiku mmoja. Utingo alilala juu ya mzigo kwa ajili ya ulinzi. Kulipopambazuka kamba ya turubai ilikuwa imekatwa upande wa nyuma, na matenga sita hayapo. Utingo hakusikia kitu, na dereva alikatwa posho ya wiki ingawa si yeye aliyeamua walale pale. Wahenga walisema rahisi ghali, na asubuhi ile hakuna aliyebisha.

Bima haifiki huko

Wenye malori wengi wana bima ndogo, ile ya lazima kisheria inayomlinda mtu wa tatu. Wapo wanaoamini kwamba stika ile kwenye kioo inawalinda dhidi ya kila kitu. Sivyo hata kidogo. Bima ya mtu wa tatu hulipa madhara aliyopata mwingine kwa sababu ya gari lako. Betri yako ikiibwa, hailipi. Matenga yako yakichukuliwa, hailipi. Lori lako likigongwa na mtu akatoweka, hailipi.

Bima kubwa hugusa gari lenyewe, lakini mzigo kwa kawaida huhitaji bima yake, ya mizigo safarini. Na katika hati nyingi za bima yapo masharti kuhusu uangalizi wa gari: mwenye mali anatakiwa achukue hadhari ya kawaida. Lori lililolazwa penye kibao cha katazo, bila mlinzi wala taa, linampa mkadiriaji wa bima sababu ya kuuliza maswali mengi. Kabla ya kununua lori kwa ubia, mwekezaji mdogo asome ukurasa huo wa masharti, si ukurasa wa mbele wenye nembo tu.

Hoja ya wanaokataa

Haitakuwa haki kuandika kana kwamba wenye malori ni wakaidi kwa tabia. Wana hoja moja nzito: wanakatazwa hapa bila kuonyeshwa pale. Kibao kinasema usilaze gari, lakini hakuna kibao kinachosema yadi iko mita mia mbili mbele. Mfanyabiashara analipa ushuru wa mazao, ambao tangu mwaka 2017 ukomo wake umekuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, kisha anaambiwa usiku aende anakojua. Je, ushuru ule hauwezi hata kusawazisha uwanja na kusimika taa mbili?

Hoja hii ina nguvu, na wengine duniani wamekwisha kukutana nayo. Huko Ulaya kuna watu wenye magari-nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo mwenyewe husafiri nayo na kulala humo. Ugomvi wao na miji ni ule ule wa dereva wa Mlali: walale wapi? Ufaransa manispaa nyingi zimetenga viwanja maalumu kwa magari hayo, vyenye maji na mahali pa kumwaga maji machafu, vingine bure na vingine kwa ada ndogo. Miji hiyo haikufanya hivyo kwa huruma tu. Mgeni aliyelala jirani na soko hununua mkate, nyama na mboga asubuhi.

Uingereza nako malori yalikuwa yakilala ovyo katika barabara za Kent, kwenye njia ya kwenda bandari ya Dover. Mwaka 2017 katika eneo la Ashford yalianza majaribio ya kufunga minyororo kwenye magurudumu, na kufunguliwa ilikuwa pauni 150. Madereva wengi walitii, kwa sababu mnyororo, tofauti na karatasi ya faini, haumruhusu mtu kuondoka. Lakini hata huko kilio kilibaki kile kile, kwamba nafasi halali za kulala malori hazitoshi.

Somo la nchi hizo mbili ni moja. Katazo lisilo na mahali mbadala huhamisha tatizo kilomita mbili mbele, na mahali mbadala pasipo na katazo hapapati wateja. Vyote viwili vinahitajiana.

Hata hivyo, hoja ya mwenye lori inaishia hapo. Kukosekana kwa yadi ni sababu ya kuidai halmashauri, kupitia diwani, chama cha wasafirishaji au mkutano wa kijiji. Si sababu ya kuacha ukuta gizani kwa mwendesha pikipiki ambaye hakukataa kujenga yadi yoyote. Anayelipa ukaidi huo mara nyingi si yule aliyetoa agizo wala yule aliyelikaidi.

Nafasi ya biashara

Kwa mwekezaji mdogo, upungufu huu una upande wa pili. Mahali ambapo malori hukosa pa kulala, pana biashara ya yadi. Tuipime kwa mfano.

Tuseme uwanja wa kulaza malori 10, ulioko nje ya hifadhi ya barabara, wenye uzio, taa, choo, bafu na walinzi wawili. Ada ni shilingi 5,000 kwa usiku, siku 25 za kazi kwa mwezi. Uwanja ukijaa, mapato ni shilingi 1,250,000. Walinzi wawili shilingi 400,000, kodi ya kiwanja 150,000, umeme na maji 80,000, matengenezo na mengineyo 70,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 700,000, na kinachobaki ni shilingi 550,000.

Lakini mwekezaji asisimame hapo. Yakilala malori 5 tu, mapato ni shilingi 625,000, na yadi inakula hasara ya shilingi 75,000 kila mwezi. Ili kurudisha matumizi tu inahitaji malori 140 kwa mwezi, yaani wastani wa malori karibu sita kila usiku. Kwa hiyo swali la kujiuliza si malori mangapi huonekana Mlali wakati wa mavuno, bali mangapi yapo katika miezi ya mzigo mdogo. Mtu akae wiki mbili katika kila msimu, ahesabu usiku kwa usiku, aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Aidha, yadi huinuka kwa huduma za pembeni: chai ya alfajiri, maji ya kuoga, kivuli cha kuwekea matenga, fundi wa tairi. Ardhi ihakikiwe kijijini na wilayani, leseni ya biashara ichukuliwe, na njia ya kuingilia kutoka barabara kuu iombewe kibali kwa mamlaka ya barabara. Yadi iliyojengwa ndani ya zile mita 30 itabomolewa, na fidia mtu asiitegemee.

Afanye nini mwenye mzigo leo

Ushauri wa ukurasa huu ni huu: katazo litiiwe, na gharama ya kulitii iingizwe katika bei kabla ya safari, kama vile dizeli na ushuru vinavyoingizwa. Shilingi 5,000 zikigawanywa kwa matenga 120 ni shilingi 42 hivi kwa tenga. Hakuna mnunuzi wa Kariakoo atakayekataa nyanya kwa shilingi 42.

Pili, njia rahisi ya kutii ni kutokuhitaji kulala. Makubaliano na wakulima yaelekeze mzigo uchumwe asubuhi na kupakiwa mapema, lori liondoke Mlali jioni na kufika sokoni kabla ya mapambazuko. Lakini hili lifanyike kwa dereva aliyelala mchana. Sheria za Umoja wa Ulaya humtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha. Sisi tunaweza kukiazima kipimo hicho bila kungoja kulazimishwa.

Tatu, mwenye lori atoe fedha ya yadi mkononi mwa dereva, tofauti na posho yake, na adai stakabadhi. Dereva anayelipia yadi kutoka posho yake atalala kando ya barabara kila mara, na hapo kosa si lake.

Nne, lori likiharibika usiku, pembetatu zitoke kwanza, simu kwa tajiri baadaye.

Msimu mwingine wa nyanya utakuja, na malori yatajipanga tena Mlali jua likizama. Bei ya tenga hatuwezi kuipanga sisi, hupangwa na mvua na soko. Mahali pa kulaza lori hupangwa na mwenyewe, mchana, kabla mzigo haujapakiwa.